Dainess Protas Mgaya na Ubao Wake wa Mvua

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na Nelly Rodgers Mgaya, mtoto wa kaka yake, katika ibada ya kumuaga marehemu, Guangzhou, Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024

Wapendwa mliofika, familia imenipa kazi hii kwa sababu nililala chumba kimoja na Shangazi kwa miaka mitano. Baba aliniagiza niandike ukurasa mmoja na niyaache yale ya picha. Nimeandika zaidi ya ukurasa, na ya picha sikuyaacha. Tangu msiba uanze, karibu kila aliyepanda ngazi za nyumba yetu ameuliza kwa nini marehemu hakurudi Tanzania kwa mumewe, hata alipougua. Jibu limo kwenye hizo picha. Baba aliusoma wasifu huu jana, akanirudishia, akasema, “Haya, soma hivyohivyo.”

Marehemu Dainess alizaliwa Alhamisi, tarehe 17 Februari 1983, katika hospitali ya misheni Uwemba, Njombe, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Protas Mgaya, fundi seremala, na Mama Bibiana, mkulima wa viazi. Uwemba ni baridi. Ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, na watoto wanaokwenda shule husikiana kabla hawajaonana. Alikulia karakanani kwa baba yake, kwenye maranda. Alipokuwa na miaka minane alichonga alama nyuma ya miiko yote ya nyumbani, na ugali ukishapakuliwa anaugonga kwenye kila sahani alama ya mwenye sahani. Babu alipata randa, Bibi akapata kiazi, na Baba, ambaye ndiye Rodgers, kaka yake, akapata konokono.

“Kwa nini mimi konokono?” Baba alimuuliza.

“Kwa sababu ukitumwa maji hurudi.”

Bibi alimchapa kwa kuharibu miiko. Ila Baba anasema ugali uliendelea kugongwa mihuri mpaka marehemu alipokwenda sekondari.

Alisoma Shule ya Msingi Uwemba mwaka 1991 hadi 1997, sekondari Njombe mjini hadi 2001, kidato cha tano na cha sita Iringa, kisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004 hadi 2007. Alifundisha kuchora katika chuo cha ualimu Morogoro kwa miaka mitatu. Septemba 2010 alipata ufadhili akaja hapa Guangzhou, ambako kaka yake alikuwa ameshatangulia na kuanza kununua viatu vya jumla katika soko la Zhanxi. Alisoma Kichina mwaka mmoja, na shahada ya uzamili ya uchapaji wa sanaa miaka mitatu.

Ilikuwa katika mwaka ule wa kwanza, kwenye maktaba ya chuo, ndipo alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza picha za kale za Kijapani za milima, mito na vijiji, zile zinazochongwa kwenye ubao na kuchapwa kwa mkono. Aliniambia kuwa ya kwanza ilikuwa kijiji cha mlimani chini ya theluji, na watu watatu wadogo kama punje, kila mmoja na mwavuli wake. Akamuuliza mwalimu ile rangi nyeupe ya theluji ni ya aina gani. Mwalimu akacheka. Hakukuwa na rangi nyeupe. Theluji ilikuwa karatasi yenyewe, mahali ambapo ubao haukugusa.

“Nelly,” aliniambia, “nilikaa chini. Ukungu wa Uwemba ningeuchora vipi maisha yangu yote na nilikuwa naupaka rangi? Kumbe unauacha tu!”

Mimi nilimuuliza maswali mengi kuhusu picha hizo, naye hakuchoka. Mchoro hubandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mti wa mcheri kwa gundi ya unga wa mchele, halafu mchongaji anachonga akiufuata, kwa hiyo mchoro wa mwanzo unaisha kabisa chini ya kisu. Kila rangi ina ubao wake. Karatasi hutengenezwa kwa magome ya mforosadi, hulowanishwa kidogo, hulazwa juu ya ubao uliopakwa rangi na kusuguliwa mgongoni kwa kisugulio kilichofungwa ganda la mwanzi. Anga ambalo juu ni bluu nzito na chini linayeyuka mpaka kuwa hewa tupu, hilo halichongwi. Mchapaji hufuta sehemu ya ubao kwa kitambaa chenye maji, kwa kila karatasi, upya. Ndiyo maana hakuna machweo mawili yanayofanana sawasawa. Nilimwambia mbona ni kazi ya kichaa. Akasema ndiyo, na ukimwangalia kichaa huyo vizuri utaona amefurahi.

Alipohitimu mwaka 2014 alipokelewa katika karakana ya Mwalimu Liang, kijijini Xiaozhou, kusini mwa jiji. Mwalimu Liang alikuwa amejifunza kuchonga Japani miaka tisa. Wanafunzi wake walijifunza kwa kuchonga upya picha za zamani, mstari kwa mstari, na ili mtu asidanganyike, karakana ilichonga muhuri wake mwekundu kwenye kona, ndani ya picha.

Mwaka 2016 marehemu alipewa picha ngumu kuliko zote alizowahi kugusa: watu wakingoja kwenye kivuko cha mto, mlima kwa mbali, na mvua ya jioni. Mvua ina ubao wake peke yake. Mchongaji anaondoa mbao yote na kubakiza mistari mirefu imesimama, myembamba kama unywele, mamia, na mmoja ukivunjika umevunjika. Alichonga miezi mitano. Mstari wa saba kutoka kulia ulimkatikia. Akachimba pale, akapachika kiraka kidogo cha mbao, akauchonga tena, lakini ukiangalia kwa makini mvua hiyo inaruka kidogo.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, karakana nzima ilisimama kuitazama. Hapo ndipo marehemu alipofanya kosa lake. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Alimwomba Mwalimu Liang muhuri usiwekwe ndani ya picha. Aliona ule wekundu kwenye kona utaizuia mvua isianguke. Akaomba ugongwe nje, kwenye pambizo, penye karatasi tupu. Mwalimu Liang hakuwahi kumruhusu mwanafunzi yeyote jambo hilo, lakini kwa uzuri wa kazi ile alimruhusu.

Marehemu alikuwa amefunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 13 Julai 2013, parokiani Uwemba, na Ndugu Chacha Marwa, mhandisi wa maji, ambaye walikutana hapa akisoma shahada ya uzamivu. Mungu hakuwajalia mtoto, ila mimi nilikuwa napewa adhabu na zawadi kama mtoto wao. Mwaka 2018 marehemu aliondoka karakanani, akaanza kuwafundisha watoto kuchora hapa mtaani Dengfeng. Mbao alizozichonga zilibaki kwa Mwalimu Liang, maana hiyo ndiyo desturi ya kazi. Machi 2019 Ndugu Chacha alipata kazi Mwanza. Walikubaliana atangulie, mkewe amfuate mwezi wa tisa, na marehemu akahamia kwetu kwa hiyo miezi michache. Sanduku lilishafungwa.

Mwezi wa nane Bi Sihaba, Mzanzibari mwenye duka la vitambaa hapa chini kwetu, alirudi kutoka bandari ya Huangpu, alikokwenda kufuatilia kontena lake, akapanda moja kwa moja hadi sebuleni na simu mkononi.

“Dainess we, hebu tazama. Yule wakala wa bandarini ana picha ofisini mfano wa zako. Kajigamba hapo, ati ina miaka mia na hamsini.”

Marehemu aliikuza picha kwenye simu. Akaikuza tena. Akatafuta kiti.

“Sihaba, pambizo iko wapi?”

“Pambizo ndiyo nini, shoga? Mie nimeona mvua tu.”

Pambizo ilikuwa imekatwa, karatasi ikatiwa rangi ya chai, na muhuri ukaenda na pambizo.

Kesho yake walikwenda Huangpu wote wawili, nami nikafuata kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Wakala, Bwana Zhou, alitukaribisha vizuri mpaka marehemu alipomwambia kwa Kichina kwamba ile picha ameichonga yeye, miaka mitatu iliyopita.

Akacheka. “Wewe? Nyinyi mnanunua viatu.”

“Viatu ananunua kaka yangu. Mimi nachonga. Hesabu mstari wa saba kutoka kulia. Ulinikatikia nikautia kiraka. Angalia mvua inavyoruka.”

Bwana Zhou hakuinuka. “Wazee wa zamani nao walikuwa wanakosea,” alisema.

Kwenye treni Bi Sihaba ndiye aliyetukana kwa niaba yetu sote, Zanzibar nzima ingemsikia.

Kutoka pale alikwenda Xiaozhou. Mwalimu Liang hakukana. Alisema, “Mimi nauza karatasi yenye muhuri. Mtu akishainunua, mkasi ni wake.” Marehemu akauliza ni ngapi zimechapwa tangu aondoke. Mwalimu akaendelea kunoa kisu chake. Akaomba jambo moja tu. Katika kazi hiyo, ubao usiotakiwa kuchapwa tena hupigwa mkato kutoka kona hadi kona, ili chochote kitakachotoka baada ya hapo kionyeshe kovu. Aliomba apewe ubao wa mvua aupige mkato huo.

“Ubao ni wa karakana,” Mwalimu Liang alisema. “Na ukilitangaza hili, wanafunzi wangu sita watakwenda wapi?”

Ubao huo, uliobaki bila mkato, ndio uliomzuia asiondoke. Mwezi wa tisa ulifika, sanduku likafunguliwa. Aliandika barua kwa wauzaji wa picha, hazikujibiwa. Kisha ikaja korona, milango ikafungwa, na hata baada ya kufunguliwa yeye alikuwa akienda Xiaozhou kila Jumamosi, anakaa kwenye benchi la nje ya karakana saa moja, anarudi. Nyumbani tuligombana. Baba alimwambia, “Dada, sisi wageni hapa. Kila mwaka tunahangaika na visa. Unataka kumshtaki Mchina kwa Mchina mwenzake?”

“Simshtaki mtu. Naushtaki ubao wangu.”

Na Ndugu Chacha, kwenye simu, sauti ikisikika mpaka jikoni: “Dainess, mbao hata Mwanza zipo.”

“Karatasi zile zinasema uongo kwa mkono wangu, Chacha. Nani alisema muhuri utoke nje? Mimi. Nikija huko nitalala nyumba moja na wewe na hilo.”

“Na mimi nilale na nani?”

Hakuwa na jibu la swali hilo. Sitaki kudanganya mbele ya jeneza lake kwamba alikuwa nalo. Alilia, akasema mwezi ujao, na mwezi ujao akasema hivyohivyo. Bwana Chacha, najua unanisikiliza. Alikuwa anakupenda, na alikuwa amekosea, na alikuwa na haki pia. Nimejaribu kuyapanga hayo matatu yakae pamoja nimeshindwa.

Novemba 2023 alianza kuumwa tumbo na kukonda. Januari 2024 ikagundulika ni saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Alitibiwa hospitalini hapa Guangzhou hadi Agosti, kisha madaktari wakasema abaki nyumbani apunguziwe maumivu. Ndugu Chacha akaomba visa ya kuja, ikachelewa. Bibi akasema kwa simu kutoka Uwemba aletwe, na kipindi kile bado angeweza kusafiri. Marehemu akasema hapana, na watu wengi hawakumsamehe kwa hapana ile, mmoja wao mimi. Ila alimwandikia Mwalimu Liang ujumbe, mstari mmoja, akimjulisha hali yake. Hakuomba kitu.

Jumapili tarehe 6 Oktoba, tukiwa tumetoka kula mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Mwalimu Liang. Alikuwa amepanda ngazi zote za ghorofa sita na mfuko wa mchele begani, na ndani ya mfuko mlikuwa na ubao wa mvua. Aliuweka kwenye meza ya kitanda. Nilikuwa sijawahi kuuona. Wapendwa, sijui niseme nini. Mistari ile ilisimama yote, mamia, imeinama upande mmoja, na ukipitisha mwanga wa dirisha kila mmoja ulikuwa na kivuli chake.

Mwalimu Liang alitoa kisu na kipande kidogo cha mcheri. Akasema, “Nitapachika hapa kwenye kona, nichonge jina lako. Katika karakana yangu hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwekwa jina.”

Marehemu aligusa kona ile kwa kidole.

“Zamani ningeanguka miguuni pako, Mwalimu.”

“Na sasa?”

“Ukiweka jina langu leo, hizi mpya zitakuwa za Dainess. Zile zilizokatwa pambizo bado zitaitwa za kale. Watu wakizilinganisha watasema Dainess alizinakili zile.” Akanyoosha mkono. “Nipe kisu.”

Mimi nilipiga kelele. Nilisema, “Shangazi usiukate, ni mzuri mno!”

“Ndiyo maana, Nelly. Ungekuwa mbaya ungeshasahaulika.”

Mbao ya mcheri ni ngumu na mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Baba alitaka kumsaidia, akamkataza. Mwalimu Liang alishika ubao pande mbili usiteleze, na marehemu akakata, kidogo, anapumzika, anakata tena. Kila mstari ulipokatika ulitoa sauti, kama kijiti cha kiberiti kinapovunjwa. Bi Sihaba aliyekuja na uji alikaa chini na bakuli mkononi mpaka uji ukapoa, na simu yake ikaadhini alasiri kisu bado hakijafika kona ya chini.

Halafu mwalimu na mwanafunzi wake wakachapa karatasi mbili kwenye meza yetu ya chakula, Mwalimu Liang akisugua, yeye akielekeza kwa kidole. Zilitoka zikiwa mvua peke yake, bila mlima, bila mto, bila watu wanaongoja, na njia nyeupe imepita katikati. Marehemu aliandika jina lake kwa penseli kwenye zote mbili, ndani, juu ya mvua. Mwalimu Liang alichukua moja akaitundike mlangoni mwa karakana, wanunuzi waione. Kuna mtu aliniambia kwamba hilo lilikuwa jambo dogo. Si dogo. Nimeambiwa wanunuzi wamepungua, na wanafunzi wawili kati ya wale sita wameshaondoka.

Ya pili aliagiza ipelekwe Huangpu. Tulikwenda Baba na mimi, Jumamosi tarehe 12. Bwana Zhou aliilaza kwenye kioo cha picha yake, akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka kulia. Alipofika wa saba alisimama. Akahesabu tena, akianza mwanzo.

“Yuko wapi?” aliuliza.

Baba akamwambia anaumwa sana. Bwana Zhou akafungua droo, akaiweka ile karatasi ndani, akasema mwambieni apone. Tulipokuwa tunatoka niligeuka. Picha yake ilikuwa bado ukutani.

Nilikasirika mpaka nyumbani. Marehemu alikuwa macho, ananingoja.

“Alihesabu?”

“Alihesabu.”

“Mpaka wa saba?”

“Mara mbili. Lakini hajaishusha, Shangazi!”

“Kuishusha ni kazi yake,” alisema. Akaomba ageuzwe upande wa dirisha. Siku ile ile alimpigia mumewe, akamwambia sasa yuko tayari kwenda Mwanza. Daktari alishasema hawezi tena kusafirishwa. Sidhani kama hakujua.

Marehemu Dainess alifariki Jumanne, tarehe 29 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, nyumbani hapa Dengfeng, akiwa na kaka yake, Bi Sihaba na mimi. Ndugu Chacha alifika Alhamisi, siku mbili baadaye, visa ikiwa mkononi. Mwili utasafirishwa Jumatatu kupitia Dar es Salaam, na mazishi yatakuwa Uwemba, Jumamosi tarehe 16 Novemba, kando ya kaburi la baba yake.

Mwalimu Liang amekuja. Amekaa mstari wa nyuma. Nyumbani hatukukubaliana kama tumwalike, na sijui mimi mwenyewe ningesema nini, lakini Baba alikwenda kumpa mkono, na mkono ukapokelewa.

Wengi wenu mnaingia maofisini, bandarini, mahotelini, kwa malaoban, mabosi wa viwanda, kuliko sisi. Karatasi nyingine ziko huko, hatujui ni ngapi wala ukuta wa nani. Mkiona watu wanangoja kivuko kwenye mvua, na mwenye nyumba akajigamba kuwa ni ya kale, msinyamaze kwa sababu nyinyi ni wageni. Mwambieni ilichongwa Guangzhou mwaka 2016 na mwanamke wa Njombe. Atacheka. Mwambieni hivyo hivyo.

Marehemu ameacha mume, Ndugu Chacha Marwa, mama mzazi, Mama Bibiana Mgaya, ambaye leo anatusikiliza kwa simu, kaka, Ndugu Rodgers Mgaya, na wifi yake, Mama Domina, mimi Nelly, rafiki yake Bi Sihaba, ambaye familia imeamua aandikwe hapa pamoja na ndugu, na watoto kumi na mmoja wa darasa la kuchora, ambao wengine wameshaanza kuuliza Jumamosi ijayo nani atawafundisha.

Miaka mitano ya mwisho Shangazi hakupumzika. Ee Bwana, mpe sasa pumziko hilo, na liwe la amani. Amina.